Homa ya ini haitaki UE, inataka CA

Mitihani imekwisha, matokeo bado hayajabandikwa, na kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha nimeona niweke mezani jambo moja ambalo limenikaa kifuani muhula mzima. Leo sizungumzii bumu kuchelewa wala maji kukatika bwenini. Nazungumzia homa ya ini, ile inayoitwa hepatitisi B.

Nauweka msimamo wangu mwanzoni kabisa ili mtu mwenye haraka asome aondoke: kampeni za kupima na kuchanja ni nzuri, lakini anayekutwa tayari ana virusi tunamwacha barabarani. Tunampima mara moja, tunampa habari mbaya, halafu tunamuaga. Nasema hiyo si tiba. Ni kumtia mtu hofu na kumwambia aende nayo nyumbani.

Sisi wa ualimu tofauti ya CA na UE tunaijua vizuri. UE unakaa siku moja, unatoka jasho, yamekwisha. CA ni majaribio, kazi za makundi, mawasilisho, wiki hadi wiki, mpaka mwalimu anajua nani anapanda na nani ameanza kuzama. Mwalimu anayetegemea UE peke yake atagundua mwanafunzi kazama siku ambayo jamaa anadisko. Homa ya ini ni ugonjwa wa CA. Sisi tunauendesha kwa UE.

Tuanze na jina lenyewe, maana mimi ni mtu wa Kiswahili na Historia na majina huwa yananisumbua. Homa, kwa akili ya kawaida ya Mswahili, ni kitu kinachokuja, kinakulaza, unameza dawa, kinaondoka. Malaria ni homa. Mafua makali ni homa. Unaumwa Jumatatu, Ijumaa upo kimbwetani unapiga stori. Sasa mwambie mtu ana "homa ya ini". Atafanya nini? Atasubiri homa! Haiji. Mwaka wa kwanza haiji, wa tano haiji, wa kumi haiji. Anasema "mbona mi mzima tu, hawa wamekosea." Kumbe wengi wenye ugonjwa huu uliokomaa hawasikii chochote kwa miaka mingi. Virusi vipo ndani ya ini vinaendelea na kazi zao, makovu yanajengeka taratibu. Siku dalili zinatokea (macho ya njano, tumbo limejaa maji, kutapika damu) mara nyingi ini limeshaharibika sana.

Na kuna jina jingine linaloongeza vurugu: homa ya manjano. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaenezwa na mbu, na ile kadi ya njano ya wasafiri ni ya kwake. Nimeshasikia mtu hapa hapa bwenini anasema kwa kujiamini, "Mi nilichomwa ya manjano nilipokwenda Zambia, kwa hiyo homa ya ini hainihusu." Inamhusu sana tu. Chanjo ya manjano haimkingi na hepatitisi B hata kidogo.

Basi tuuelewe ugonjwa wenyewe kwa lugha nyepesi. Hepatitisi B inaambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili: ngono isiyo salama, sindano, wembe, mashine ya kunyolea isiyosafishwa, mswaki wa kuazimana, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Virusi hivi ni vigumu kufa, vinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Haviambukizwi kwa kula sahani moja, kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja. Hilo la sahani naomba mlishike, nitalirudia.

Cha ajabu, na hapa ndipo siri yote ilipo, ni umri. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unapambana na kuvifukuza virusi wenyewe. Chini ya watu 5 kati ya 100 ndio wanabaki navyo. Lakini mtoto mchanga akivipata wakati wa kuzaliwa, karibu 90 kati ya 100 wanabaki navyo maisha yote. Kwa hiyo jamaa wa miaka 23 anayekutwa na ugonjwa sugu leo, inawezekana kabisa kauchukua siku aliyozaliwa au akiwa anatambaa. Wale mnaoanza kuhesabu "alilala na nani", acheni mara moja.

Na hapa kuna jambo linalohusu kizazi chetu moja kwa moja. Tanzania iliingiza chanjo ya hepatitisi B kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Wengi wetu tunaosoma hapa tumezaliwa miaka hiyo hiyo. Sisi ni kama darasa la kwanza la majaribio ya mtaala mpya! Wapo waliopata dozi zote, wapo waliopata moja, wapo waliozaliwa mwezi mmoja kabla na wapo ambao kliniki ilikuwa mbali. Hata waliochanjwa, dozi ya kwanza katika ratiba tuliyokulia ilitolewa wiki kadhaa baada ya kuzaliwa. Kama mama alikuwa na virusi, wiki hizo zilitosha kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kadi ya kliniki imejaa tiki na bado akakutwa navyo.

Sasa nipe namba kidogo, mtanivumilia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na hepatitisi B sugu, na mwaka huo huo iliua watu wapatao milioni 1.1, wengi kwa ini kusinyaa na saratani ya ini. Afrika peke yake ilikuwa na watu wapatao milioni 65, na asilimia 63 ya maambukizi mapya yote yalitokea kwetu. Kwa maana ya waliojua hali zao, duniani ni watu 13 kati ya 100. Kwa Afrika, chukua ukumbi wa mihadhara wenye watu 1,000, wote wana ugonjwa huu. Wanaojua ni 42. Walio kwenye dawa ni 2. Wawili, jamani! Hao ndio wanaotosha kukaa kwenye bodaboda moja na dereva wao.

Nikisoma hizo namba watu wananiambia, "Basi tupime zaidi." Sawa, tupime. Lakini angalieni hapo kwenye 42 na 2. Hata kama si wote 42 wanaohitaji dawa leo, hao 40 wengine wako wapi? Nani ana majina yao?

Mmoja wao namjua. Nitamwita Msuli kwa kuwa ndiye bingwa wa kukesha maktaba, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike mradi nisitaje kozi yake. Msuli alichangia damu mwaka jana. Damu ikichangiwa hupimwa VVU, hepatitisi B, hepatitisi C na kaswende, kwa hiyo vijana wengi wa vyuo hugundua hali zao kwa njia hiyo. Akapigiwa simu aende. Alivyonisimulia, mazungumzo yote hayakufika dakika 3.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Damu yako imekutwa na homa ya ini. Kwa hiyo usichangie tena."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda hospitali kubwa watakuangalia. Usiwe na wasiwasi."

Akaenda hospitali moja, jina naliacha. Akapimwa tena, jibu lile lile. Akaambiwa kuna kipimo cha wingi wa virusi, akatajiwa bei, ikawa kama robo ya bumu lake. Akajipinda akalipa. Majibu yakaja, daktari akatazama akasema, "Kwa sasa huhitaji dawa. Nenda, kula vizuri, acha pombe." Msuli hanywi. Akatoka. Hakupewa tarehe, hakupewa kadi, wala hakuna mtu aliyeandika namba yake ya simu.

Mimi simlaumu yule sista wala yule daktari. Foleni mmeziona. Inawezekana hata ushauri ulikuwa sahihi, kwamba siku ile hakuhitaji dawa. Tatizo ni kwamba "huhitaji dawa leo" ilimfikia Msuli kama "umepona". Na kwa ugonjwa huu hilo ni kosa kubwa, maana hali inabadilika. Ini ambalo limetulia mwaka huu linaweza kuwashwa moto mwaka kesho bila mwenyewe kujua. Kati ya watu wazima wenye ugonjwa sugu, kama 20 hadi 30 kwa 100 huishia kwenye ini kusinyaa au saratani. Hakuna anayeweza kukuambia kwa kukutazama usoni kwamba wewe utakuwa kwenye hao 30 au wale 70. Kinachosema ni kupima, kuandika, kurudi, kupima tena. Sentensi iliyokosekana ilikuwa fupi tu: "Rudi baada ya miezi 6, tarehe hii hapa."

Pengo hilo likijazwa na nani? Na wauzaji. Mama yake Msuli kule nyumbani, kwa uchungu wa mzazi, aliuza mbuzi akamtumia pesa ya "dawa ya kusafisha ini". Chupa 4, zina rangi ya matope. Simdharau mama, hakuna aliyemwelekeza vingine. Lakini hakuna mzizi unaojulikana kuviondoa virusi hivi, na baadhi ya dawa hizo zinaliumiza ini lile lile linalotakiwa kulindwa. Halafu chumbani wenzake wawili wakaanza kumtengea sahani na kikombe chake. Nimeshasema juu: sahani haiambukizi. Kama mnaogopa, nendeni mkachanjwe, na msichangie naye wembe, mswaki wala kikata kucha. Basi, yamekwisha, mleni naye ugali.

Kuna na wale wanaoambulia jibu kwenye safari. Vijana wengi wa Tanzania na Kenya wanaoomba kazi nchi za Ghuba hupimwa kabla ya kupata viza, na ukikutwa na hepatitisi B unaandikwa hufai. Huyo anapoteza kazi na pesa ya wakala, anarudi kijijini, anaficha karatasi chini ya godoro. Na huyo naye hakuna anayemfuatilia.

Sasa kufuatilia ni kitu gani hasa? Watu wanadhani ni mashine za ajabu. Kwa mtu wa kawaida mambo ni haya:

1. Kuthibitisha kwamba ni ugonjwa sugu, yaani kipimo cha HBsAg kibaki chanya kwa zaidi ya miezi 6.

2. Kupima vimeng'enya vya ini, ALT na AST, kuona kama ini linaumia. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 unaweka kikomo cha ALT kuwa 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke, chini kuliko karatasi nyingi za maabara zinavyoonyesha.

3. Kuangalia kama kuna makovu kwenye ini.

4. Wingi wa virusi kwenye damu, pale kipimo kinapopatikana. Mashine ya GeneXpert, hii hii inayotumika kupima TB kwenye hospitali zetu, ina kipimo cha hepatitisi B pia.

5. Kuuliza: kuna VVU? Kisukari? Kuna ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini? Kwa aliyeko kwenye hatari kubwa, ultrasaundi kila miezi 6.

Kwenye hiyo namba 3 ndipo nilipofurahi, maana ni hesabu ya kidato cha pili. Kuna kitu kinaitwa APRI. Unachukua AST ya mgonjwa, unaigawa kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara, jibu unaligawa kwa idadi ya chembe sahani, unazidisha kwa 100. Tuseme AST ni 24, kikomo ni 40, chembe sahani 240. 24 kwa 40 ni 0.6, gawa kwa 240, zidisha 100, unapata 0.25. Mwingine ana AST 60, kikomo 40, chembe sahani 200. Unapata 0.75. Mwongozo wa 2024 unasema mtu mzima akivuka 0.5 aanzishiwe dawa. Vipimo viwili vya damu na kikokotoo cha simu! (Tafadhali msijitibu kwa blogu yangu, hesabu mnaweza kufanya lakini uamuzi ni wa daktari.)

Ninachotaka kusema ni kwamba kile kisingizio cha "hatuna mashine" hakisimami tena kama zamani. WHO wenyewe walitazama masharti ya mwaka 2015 wakaona yanawaacha nje watu wengi mno. Chini ya masharti yale, waliostahili dawa walikuwa kama asilimia 8 hadi 15 tu ya wenye ugonjwa. Masharti mapya yanafikisha nusu na zaidi. Na pale ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipo kabisa, ALT ikiwa juu mara kwa mara inatosha kuanza.

Na dawa je? Hapa ndipo damu inanichemka. Dawa inaitwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Haiviondoi virusi moja kwa moja, lakini inavinyamazisha, inapunguza hatari ya saratani, na hata makovu yanaweza kupungua. Unaimeza kwa miaka, mara nyingi maisha, unapima figo mara kwa mara, na huiachi ghafla kwa kuwa ini linaweza kulipuka. Tenofovir hii ndiyo iliyomo ndani ya TLD, kidonge cha ARV ambacho kinatolewa bure kwenye CTC zetu zote. Ipo kwenye kabati la dawa hospitali ile ile aliyokwenda Msuli! Mwenye VVU na homa ya ini kwa pamoja anatibiwa yote mawili bila kutoa senti. Msuli akaniuliza swali nikakosa jibu: "Kwa hiyo ningekuwa na vyote viwili ningekuwa na unafuu?"

Jamani. Mtu afike mahali pa kuuliza hivyo?

Na si ghali kiasi hicho. Bei ya kulinganishia ya tenofovir kwenye soko la dunia, kwa mujibu wa WHO mwaka 2024, ni dola 2.4 kwa mwezi. Hesabuni wenyewe ni sahani ngapi za chipsi mayai. Ila kwa Afrika, nchi zilizotoa taarifa na kusema zinatoa huduma za homa ya ini bure ni kama theluthi moja tu.

Najua mtanibishia, ndio uzuri wa ukurasa huu. Ngoja nijibu mapema.

Kuna wa kwanza atasema: "Chanjo ndiyo jibu, pesa ipelekwe huko." Chanjo ni jibu kwa asiye na virusi. Dozi 3, sasa hivi, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6, na mimi nimemaliza zangu. Lakini kwa Msuli chanjo haifanyi kitu. Ni kama kumpa mwongozo wa kozi mtu aliyeshapata sapu.

Wa pili atasema: "Nchi ina malaria, ina VVU, ina TB, mzigo umezidi." Nakubali mzigo ni mkubwa, ila tayari tumeshajenga gari la kuubeba. CTC zina kadi, zina daftari, zina tarehe za kurudi, zina watu wanaopiga simu usipotokea, zina wahudumu wanaokwenda mpaka kijijini kukutafuta. Tumejifunza kwa machungu. Zamani mwenye VVU alikuwa anaambiwa, "CD4 zako bado ziko juu, nenda utarudi," na wengi hawakurudi, au walirudi wamebebwa. Mwaka 2016 Tanzania ikaanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri. Somo lile lile lipo hapa, sasa kwa nini tulisome upya kuanzia darasa la kwanza? Sisemi kila mwenye hepatitisi B apewe kidonge leo. Nasema yule asiyepewa kidonge awekwe kwenye daftari kwa nguvu ile ile ya anayepewa, kwa sababu ndiye anayepotea kirahisi.

Wa tatu atasema: "Afrika haiwezekani." Waethiopia wameweza. Hospitali ya St. Paul's pale Addis Ababa ilianzisha programu ya tiba mwaka 2015, ikaandikisha watu zaidi ya 1,300, ikawafuatilia miaka, dawa ni hii hii tenofovir. Na fundisho lao kubwa linauma: wengi wa waliofariki ni wale waliofika wakiwa wamechelewa, ini tayari limeshindwa kazi. Dawa ilikuwepo ila mtu kafika akiwa hawezi kusubiriwa. Hiyo ndiyo maana ya CA, ndugu zangu. Unamwona anazama kabla hajazama.

Na tusiwasahau akina mama. Mjamzito akifika kliniki anapimwa VVU na kaswende. Homa ya ini inatakiwa iwe ya tatu, kila zahanati, siku hiyo hiyo, isiwe pale tu vifaa vikiwepo. Akikutwa nayo na virusi vikiwa vingi, tenofovir wakati wa ujauzito inamlinda mtoto, na mwongozo wa 2024 unaruhusu apewe hata pale ambapo wingi wa virusi haupimiki. Halafu mtoto achomwe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, asisubiri wiki 6. WHO imekuwa ikishauri dozi hiyo ya kuzaliwa tangu 2009, lakini kwa Afrika, mwaka 2022, watoto walioipata walikuwa 18 tu kati ya 100. Na mama asiachwe baada ya kujifungua. Naye ana ini.

Kwa hiyo mimi nadai nini? Nadai mambo manne, hayahitaji kujenga ghorofa.

Kwanza, asitangaziwe mtu jibu la homa ya ini bila kupewa kadi na tarehe ya kurudi. Kama tarehe haipo, jibu halijakamilika.

Pili, wenye homa ya ini wafuatiliwe kwa mtindo wa CTC, daftari na simu, hata kama chumba ni kile kile na siku ni tofauti ili kulinda faragha.

Tatu, tenofovir iliyopo kabatini imfikie na yule mwenye hepatitisi B peke yake, bila kumfilisi.

Nne, kampeni zinazokuja vyuoni ziache kuhesabu sindano tu. Mabango yanasema "tumechanja wanafunzi kadhaa". Nataka bango linalosema: tuliwakuta kadhaa wana virusi, na baada ya mwaka mmoja kadhaa kati yao bado tunawaona.

Na sisi walimu watarajiwa? Mwezi ujao tutakuwa madarasani. Siku ya kwanza kabisa utakabidhiwa daftari la mahudhurio. Utaita majina, utaweka tiki, na asiyekuja siku 3 utauliza wenzake, utamtuma kiranja, ikibidi utakwenda kwao. Hakuna anayetulipa zaidi kwa hilo, ni kazi yenyewe. Shule isiyojua nani hayupo si shule. Mimi sioni kwa nini hospitali iwe tofauti. Pia kule shuleni mtaulizwa maswali kuhusu homa ya ini, na watoto wanaamini anachosema mwalimu kuliko bango. Wafundisheni kwamba haina homa. Kwamba haiambukizwi kwa sahani. Kwamba aliyenayo anaweza kuishi, kusoma, kuoa, kuolewa na kuzaa mtoto salama, mradi asiache kurudi hospitali.

Msuli amepata tarehe. Tulikwenda wote hospitali nyingine wiki iliyopita, tukambana daktari kijana mpaka akatuandikia. ALT yake imepanda kidogo kuliko mwaka jana, si ya kutisha, ila ameambiwa arudi baada ya miezi 3 badala ya 6. Angesubiri homa asingejua. Mama yake tumempigia, tumemweleza, kasema chupa zilizobaki atamwagia migomba.

Kama na wewe una karatasi yako chini ya godoro, itoe. Nenda uombe tarehe, na kama hawakupi, rudi kesho uombe tena. Wenye mawazo tofauti karibuni kwenye maoni, hasa madenti wa udaktari, mkinisahihisha nitashukuru. Matusi nitafuta.

Tukutane baada ya matokeo, panapo majaliwa.